Ushauri tafadhali: mtoto wa marehemu dada anatesa wanyama. Hivi watawala makatili walizaliwa hivyo?

MamaMdogo_Moro

Habari za usiku wakuu. Nyumba nzima imelala, mimi usingizi umegoma, ndiyo maana naandika saa hizi.

Naishi na mtoto wa marehemu dada yangu, wa kiume, ana miaka 8. Nilimchukua mwaka juzi baada ya msiba. Baba yake alikuwa mtu wa kipigo. Alimpiga dada mbele ya mtoto, na mtoto naye hakusalimika. Sasa hivi hajulikani aliko. Mtoto alipofika kwangu alikuwa mkimya kupita kiasi, anakula mbiombio huku mkono mmoja umeizunguka sahani.

Wiki tatu zilizopita nilikuta vifaranga viwili vimekufa nyuma ya banda, shingo zimepindwa. Nikasingizia kicheche. Jumamosi iliyopita nikamkuta kwa macho yangu. Kamshika paka mdogo wa jirani, anamzamisha kwenye ndoo, anamtoa, anamzamisha tena. Hakuwa na hasira wala hakucheka. Uso umetulia kabisa kama mtu anayesuuza kikombe. Nilipomnyang'anya paka alikuwa ameshakufa.

Mjomba wetu mkubwa nilipompigia simu alisema neno moja tu: mwana wa nyoka ni nyoka. Anataka mtoto arudishwe kwa ukoo wa baba yake.

Jumapili usiku nikawa natafuta majibu kwenye simu, nikaangukia habari za Ivan wa Nne, yule mfalme wa Urusi aliyeitwa Ivan wa Kutisha. Alizaliwa 1530. Baba alikufa yeye ana miaka 3, mama akafa yeye ana miaka 7, ikasemwa kalishwa sumu. Akabaki mikononi mwa wakubwa wa ikulu waliokuwa wakigombania madaraka. Na utotoni, wanasema, alikuwa akirusha wanyama kutoka juu ya majengo awaone wanavyokufa. Mtu huyohuyo ukubwani akaja kuangamiza mji wa Novgorod, na akampiga mwanawe wa kumzaa kwa fimbo, mtoto akafa. Yatima, kisha wanyama. Nilizima simu nikaenda kumwangalia alivyolala.

Swali langu: watu wa namna ile huzaliwa na ukatili wao? Kama ni wa kuzaliwa, basi nimeweka kaa la moto kwenye nyumba yenye watoto wangu wawili. Kama ni malezi, je, kwa miaka 8 nimeshachelewa? Naombeni msaada, hasa mliosoma historia na mliowahi kulea mtoto wa hivi. Matusi naomba mniepushie.

Ngosha_wa_Geita

Pole dada. Ila tusidanganyane, damu ipo. Kule Dunedin, New Zealand, waliwafuatilia watoto waliozaliwa 1972 na 1973 hadi ukubwani. Mwaka 2002 wakatoa matokeo kuhusu jeni moja inaitwa MAOA: walio na aina dhaifu ya hiyo jeni ndio wakawa wakorofi na wenye kesi. Mtu anakuja nayo toka tumboni. Hao akina Ivan walikuwa hivyohivyo. Una watoto wawili wa kuwalinda, mjomba hajakosea.

Nesi_Kibosho

Mkuu Ngosha, utafiti huo naufahamu, na umeusimulia nusu. Walichokiona Dunedin ni kwamba wavulana wenye jeni dhaifu *na walioteswa utotoni* ndio waliozidi kwa ukorofi. Wenye jeni ileile waliolelewa bila mateso hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao. Yaani matokeo yenyewe yanamtetea huyu mama. Na hata hayo, wapo watafiti waliorudia wakayapata na wapo waliorudia wasiyapate. Si kitu cha kumfukuzia mtoto wa miaka 8 nyumbani.

Halafu unamrudisha kwa nani? Kwa ukoo uliokuwa ukimwona baba anapiga na kukaa kimya?

Ngosha_wa_Geita

Nimekuelewa nesi. Nilisoma mahali kwa kifupi nikabeba hivyohivyo. Kauli ya kumrudisha naifuta. Tahadhari kwa wale wawili siifuti.

Mwl_Historia_Tukuyu

Dada, nafundisha historia mwaka wa 19 huu. Habari ya Ivan uliyosoma ni ya kweli kwa sehemu kubwa, ila imerukwa katikati, na hapo katikati ndipo penye jibu lako.

Kwanza mateso. Ivan mwenyewe, katika barua aliyoandika 1564, alilalamika kwamba yeye na mdogo wake Yuri, ambaye alikuwa kiziwi asiyesema, waliachwa bila nguo za kutosha na bila chakula kwa wakati. Alikumbuka wakicheza wao watoto huku Shuisky, mkubwa mmoja wa ikulu, kakaa kwenye benchi, kaweka mguu juu ya kitanda cha marehemu baba yao. Mtu mwenye miaka 33, mfalme wa nchi nzima, bado anaukumbuka ule mguu.

Sasa wanyama. Aliyeandika habari hiyo ni Kurbsky, aliyekuwa jemadari na rafiki yake kabla ya kutoroka 1564 kwenda Lithuania. Ni ushuhuda wa adui, tuusome tukijua hivyo. Lakini Kurbsky ana jambo moja ambalo wasimuliaji wa mtandaoni hulikata: kwamba wale walezi wa ikulu, badala ya kumkataza, walimsifia. Kila mkubwa alitaka apendwe na mfalme wa kesho. Mtoto anatupa mnyama chini, watu wazima wanapiga makofi.

Desemba 1543, akiwa na miaka 13, akaamuru Andrei Shuisky akamatwe, na watunza mbwa wa ikulu wakamuua. Hapo pia hakuna aliyesema neno. Akajifunza kwamba hilo linawezekana.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1547 akatawazwa, akamwoa Anastasia. Miaka kama 13 hivi alikuwa na mke anayemsikiliza na washauri wawili, padri Sylvester na Adashev, waliothubutu kumwambia hapana. Katika miaka hiyo akatoa kitabu kipya cha sheria, 1550, akaita mabaraza. Sisemi alikuwa malaika. Kazan ilipotekwa 1552 damu ilimwagika sana. Ila ule ukatili wa kuwageukia watu wake mwenyewe haukuwa umefunguka. Anastasia akafa 1560, Ivan akaamini karogwa na kulishwa sumu, wale washauri akawafukuza. Mwaka 1565 akaunda lile jeshi lake la binafsi, watu wa nguo nyeusi, na Novgorod wakaifikia 1570.

Mtu aliyezaliwa katili tu, ile miaka 13 aliiweka wapi?

Nyongeza ndogo: mwaka 1963 kaburi lake lilifunguliwa, mifupa ikakutwa na zebaki nyingi na uti wa mgongo ulioota vinundu. Huenda aliishi na maumivu makali miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo na mwili nao umo. Ukitafuta sababu moja tu hutaipata.

MamaMdogo_Moro

Mwalimu, hilo la kupiga makofi limenichoma. Siku ya vifaranga kuna kijana wa jirani alicheka akamwambia "wewe komando". Nilisikia nikapita.

Mwana_Bukavu

Mama, pole sana. Mie niko Bukavu. Kwetu Congo hatuhitaji kwenda Urusi. Leopold wa Pili hakukanyaga Congo hata siku moja, lakini toka 1885 mpaka 1908 nchi nzima ilikuwa mali yake binafsi. Watu wetu walilazimishwa kuleta mpira wa porini, kijiji kikishindwa kinachomwa, wanawake wanashikwa mateka. Askari walitakiwa kuonyesha mkono wa mtu uliokatwa, ushahidi kwamba risasi haikupotea bure.

Huyu utotoni hakupigwa, hakulala njaa. Wanasema tu baba yake alikuwa wa baridi, mpaka mtoto akitaka kumwona baba anaomba nafasi kama mgeni. Sawa, lakini mdogo wake Philippe alilelewa na baba yuleyule, hakuua mtu. Leopold hakuwa na hasira nasi. Alikuwa na daftari la hesabu na watu wa kumtii. Mie naogopa zaidi ukatili wa namna hiyo, ule hauna kidonda nyuma yake. Mtoto wako ana kidonda, kwa hiyo kuna mahali pa kutia dawa.

Kofia_ya_Bluu

Naomba nafasi kidogo, nitakuwa mrefu.

Nimehudumu Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi cha kulinda amani. Kule kuna habari ambayo kila mzee anaijua, na sijaona mfano mwingine unaojibu swali la dada kuliko huu.

Kuna kijiji kinaitwa Bobangui, kilomita zipatazo 80 toka Bangui. Enzi za Wafaransa eneo lile lilikatiwa makampuni, na makampuni yalitaka mpira na vibarua kwa nguvu. Mwaka 1910 akazaliwa hapo mtoto Barthélemy Boganda. Mama yake alipigwa na walinzi wa kampuni hadi akafa kwa sababu ya mpira. Baba naye aliuawa katika msako. Yatima kabisa, akaokotwa na wamisionari.

Mwaka 1921 akazaliwa mwingine hapohapo, wa ukoo huohuo: Jean-Bédel Bokassa. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Aliwafungulia watu waliokuwa wameshikwa na kampuni. Novemba 1927 akapelekwa Mbaïki kwa pingu, akapigwa mbele ya ofisi ya mkoloni hadi akafa. Wiki moja baadaye mama akajiua. Mtoto ana miaka 6, na ndugu zake 11. Naye wamisionari wakamchukua wakamsomesha.

Angalieni, wakuu. Kijiji kimoja, ukoo mmoja, msiba wa aina moja mikononi mwa watu walewale, na wote wawili wakalelewa misheni.

Boganda akawa padri mwaka 1938, wa kwanza mweusi katika koloni lile. Akaingia bungeni Ufaransa, akaunda chama, na neno lake kwa Kisango, lugha ya kule, likawa *zo kwe zo*, kila mtu ni mtu. Huyo ndiye mtoto ambaye mama yake aliuawa kwa ajili ya mpira. Alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1959, kabla ya uhuru.

Bokassa akaingia jeshi la Ufaransa 1939, akapigana hadi Indochina, akarudi na nishani. Usiku wa kuamkia 1966 akapindua serikali. Desemba 1977 akajivika taji la ufalme, sherehe iliyogharimu mamilioni ya dola katika nchi ambayo barabara hazipitiki. Mwaka 1979 wanafunzi waligoma kuhusu sare za shule, watoto wakakamatwa wakauawa gerezani Ngaragba. Tume ya majaji wa Kiafrika ikaona kwamba yeye mwenyewe karibu kwa hakika alishiriki.

Nilijiuliza sana kule, zamu za usiku. Kilichowatenganisha ni nini? Damu haikuwatenganisha, na kidonda kilikuwa kilekile. Sina jibu la kisomi. Ninachokiona mimi kama askari ni kwamba mmoja alipewa kazi ambayo ndani yake maumivu ya mwingine yana maana, na mwenzake akapewa kazi ambayo ndani yake anayepiga ndiye anayepanda. Na alipokuwa juu, Paris ikamlipia, ikamwita rafiki, ikamnyooshea mkono hadi ile habari ya watoto ilipotoka. Nimevaa sare miaka mingi na sisemi jeshi linaharibu mtu. Nasema mtoto aliyepigwa atatafuta ajue nguvu ni kitu gani, na jibu atalipata kwa atakayekuwa karibu naye.

Dada, wewe uko karibu.

Mzee_wa_Kyaka

Binti yangu, mimi mwaka 1978 nilikuwa na miaka 14. Askari wa Amin walivuka Oktoba, daraja la Kyaka wakalilipua, tukakimbia na godoro moja. Kwa hiyo habari za Amin sikuzisoma.

Kwa miaka mingi niliamini yule alizaliwa shetani. Baadaye nikajua kwamba mwaka 1962, kabla ya uhuru wa Uganda, akiwa ofisa wa KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza huku Afrika Mashariki, kikosi chake kilipelekwa Turkana kuzuia wizi wa ng'ombe. Wafugaji wakakutwa wamekufa, wengine wameteswa. Wakubwa wa Kenya walitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda akamuuliza Obote, waziri mkuu wakati ule, na Obote akaona aonywe tu. Maofisa weusi walikuwa wachache na uhuru uko mlangoni. Akaonywa. Baadaye akapandishwa cheo, tena na tena, na Januari 1971 akampindua huyohuyo Obote.

Mimi siulizi tena alizaliwaje. Nauliza ile siku ya Turkana. Kama wangesimama pale, mama yangu asingezikwa ukimbizini. Usiipite siku ya ndoo.

Msomi_wa_Usiku

Naongeza kidogo upande wa pili, maana hapa tunaanza kuamini kwamba malezi mema yanatosha. Saloth Sar wa Cambodia alizaliwa kwenye familia ya wakulima wenye uwezo, akakaa utotoni kwenye nyumba ya watawa wa Kibudha, akalelewa na kaka yake karibu na ikulu. Waliomjua wanasema alikuwa mtoto mpole. Akawa mwalimu mwenye sauti ya chini, wanafunzi wanampenda. Ndiye Pol Pot. Kati ya 1975 na 1979 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikufa chini yake. Kaka aliyemlea alikuwa kwenye kambi ya kazi kama wengine, hakujua mtawala ni nani hadi siku alipoiona picha kwenye bwalo la chakula, akamtambua mdogo wake.

Simvunji moyo dada. Ninachosema ni kwamba utabiri haupo, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Mtoto mpole wa ikulu akawa vile, na wa kwako wa ndoo anaweza kuwa chochote. Wanyama wa Ivan tunawakumbuka kwa sababu alikuwa mfalme. Wapo watoto wangapi waliofanya hayo wakaja kuwa mafundi seremala na baba wazuri, na hakuna aliyeandika?

Dada_Ustawi

Nimesoma wote. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimefanya kazi na watoto miaka 14. Ya historia nawaachia, naongea na mama mdogo.

Umefanya vizuri kuogopa. Mtoto anayetesa wanyama asipuuzwe, na asihukumiwe. Mara nyingi ni mtoto anayerudia kitu. Ulieleza kwamba hakuwa na hasira, uso umetulia, anazamisha, anatoa, anazamisha. Hilo limenishtua zaidi ya paka kufa. Mtoto mwenye ghadhabu angempiga paka chini mara moja. Huyu alikuwa na utaratibu. Utaratibu mtu hujifunza mahali. Muulize kuhusu maji. Usimuulize "kwa nini umefanya", hawezi kujibu hilo hata mtu mzima. Kaa naye mkifanya kazi ya mikono, kuchambua mchele au kumenya vitunguu, asilazimike kukutazama machoni. Muulize nyumba ya zamani maji mlikuwa mnaweka wapi. Kisha nyamaza. Akikaa kimya nusu saa, kaa naye nusu saa.

Usimchape kwa ajili ya paka. Najua wengi hapa hawatakubaliana nami, lakini ukimchapa umemthibitishia kwamba mwenye mwili mkubwa humfanyia mwenye mwili mdogo atakavyo, na hilo tayari analijua vizuri kuliko sisi sote. Wala usiache ipite. Mwambie wazi: hili kwenye nyumba hii halifanywi, na wewe huondoki kwenye nyumba hii. Aambiwe yote mawili kwa pamoja, siku moja. Aende nawe kwa jirani kuomba radhi. Kwa sasa asiachwe peke yake na wadogo zake wala na mifugo. Ni ulinzi wao na wake.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, eleza kama ulivyoeleza hapa, waombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukikwama, piga 116, ni bure, ni ya watoto. Na yule kijana wa "komando", mwite, ongea naye.

Miaka 8 hujachelewa. Nimewaona wa 15.

MamaMdogo_Moro

Nimechelewa kurudi, samahanini. Nimeandika na kufuta mara kadhaa.

Jana jioni nilikaa naye jikoni tunachambua mchele. Nikauliza kama nilivyoelekezwa, maji mlikuwa mnaweka wapi. Akasema kwenye ndoo ya bluu, mlangoni. Nikanyamaza. Akachambua karibu ungo wote. Kisha akasema baba alikuwa anamtia kichwa kwenye ile ndoo, anamwambia ahesabu mpaka kumi ndipo anamtoa, na akikosea anaanza upya.

Nikamuuliza, na paka?

Akasema, "Nilimwambia ahesabu, mama mdogo. Hajui kuhesabu."

Sikujua niseme nini. Nilimshika tu, na mchele ukamwagika. Baadaye nikamwambia yale mawili ya Dada Ustawi, kwamba hili halifanywi hapa na kwamba haondoki hapa. La pili aliniuliza mara tatu kama ni kweli. Leo asubuhi tumekwenda kwa jirani, akaomba radhi akiwa ameshika nguo yangu. Jirani alikuwa amekasirika, lakini amepokea.

Mjomba nimempigia nikamsomea alichoandika Kofia ya Bluu kuhusu wale watoto wawili wa Bobangui, mwanzo hadi mwisho. Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza nauli ya kutoka kwake hadi Moro sasa ni shilingi ngapi, maana anataka aje akae nasi siku chache, mtoto azoee mwanaume asiyepiga.

Jumatatu saa 2 asubuhi tupo ofisi ya ustawi. Ndoo zote nimezihamishia stoo, natumia madumu.